Watoto wa Kamba

Tulipomaliza matanga ya Shangazi kule Nyunzu, mwezi uliopita, mjukuu wake Riziki alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja mbele ya wanawake wa ukoo ili vigawanywe. Vilitoka vitenge vitatu vya sherehe, sahani za bati zenye maua, rozari iliyokatika, na saa ya mkononi ya marehemu mume wake. Kisha ikatoka kamba. Ilikuwa kamba ya nailoni ya kijani, aina ile ya kushonea nyavu, imekunjwa vizuri na kufungwa kwa kipande cha kitambaa. Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza, "Na hii? Ya mbuzi?" Mwingine akasema aachiwe yeye, ataanikia nguo. Riziki hakucheka. Alipita katikati ya miguu ya watu mpaka kwenye mkeka wangu, akaniwekea kamba mapajani. "Bibi alisema hii ni yako," akaniambia. "Alisema irudi kwa mwenyewe." Nilimtazama Feza, binti yangu mkubwa, aliyekaa ng'ambo ya chumba. Leo Feza ni mkuu wa shule, amevaa miwani, walimu wazima wanamwogopa. Alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili na mabega yanamtikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Mimi nilijua ninachofanya: nilicheka. Kisha nikaitia kamba kwenye mkoba bila kuifungua, maana mbele ya watu wale ingenitoa machozi, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili mwaka nilioolewa. Niliingia katika nyumba ya mume wangu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kalemie, na nikakuta watoto wanne waliofiwa na mama yao. Feza alikuwa na miaka minane, Amani sita, Bahati minne, Zawadi mitatu. Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba viwili na baraza, jiko nje, na ukutani bado kulikuwa na kioo kidogo cha marehemu ambacho sikuthubutu kukishusha, nikawa ninachana nywele bila kujitazama. Mimi nilitoka ufukwe wa kaskazini wa ziwa, kwenye vijiji vya wavuvi, ambako mtoto anajua harufu ya nyavu kabla ya kujua jina lake. Majirani zangu wa kambini walikuwa watu wa filimbi na ratiba. Waliitana kwa kazi za waume zao, na waliponiona ninapita na beseni kichwani walisema, bila kushusha sauti, "Ule njo muntu wa mayi," yaani mtu wa maji. Siku ya kwanza nilipika ndakala, dagaa wa ziwani, kama tunavyopika kwetu, na vichwa vyake, na bukari, ugali laini. Watoto watatu walikula. Feza alipanga ndakala zake pembeni mwa sahani, mstari mmoja, vichwa vyote vikimtazama yeye. "Mama alikuwa anatoaka vichwa," akasema. Basi kesho yake nilikaa jikoni nikatoa vichwa vya ndakala nusu beseni, kimoja kimoja, na vidole vikaniuma mpaka jioni. Alikula. Hakusema asante, na sikuitaka. Niliitaka sahani tupu, nikaipata.

Hata leo siwezi kueleza ni siku gani hasa niliwapenda. Mtu akiwaogesha watoto wanne kila jioni, akajua yupi ana kovu gotini na yupi anaogopa sabuni machoni, mapenzi hayamngojei ayaamue. Feza nilimpenda kuliko wote, labda kwa sababu yeye hakunipenda. Hakuwa mkorofi. Alinitumikia vizuri: aliteka maji, alifagia, alimbeba Zawadi mgongoni. Lakini aliponiita aliniita "weye," na kama nilikaa karibu naye kwenye baraza alikumbuka ghafla kazi ya kufanya ndani.

Kisha akaja Shangazi. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, mjane wa mtu wa reli, anaishi Nyunzu, na neno lake katika ukoo lilikuwa neno la mwisho. Alikuja na kuku wawili na mfuko wa kalanga, akakaa siku tatu, akanitazama ninavyopika, ninavyofua, ninavyotembea. Mchana wa siku ya tatu nilikuwa nachambua sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha, na yeye alikuwa ndani na kaka yake. "Muke yako ni muzuri, sikatae," nikamsikia. "Lakini bantu ba mayi banajuaka samaki. Mutoto haiko samaki." Mume wangu akajibu kitu kwa sauti ndogo. Shangazi akaendelea: "Feza atakuya kwangu. Amani aende Kabalo kwa kaka yetu. Bale badogo tutaona. Unilete bo bote wakati wa likizo, nitabagawanya mwenyewe." Mikono yangu ilisimama ndani ya majani. Nilingoja mume wangu aseme hapana. Alikuwa mtu mwema, marehemu, lakini mbele ya dada yake alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Alisema, "Tutaona, Yaya," kama alivyomwita dada yake tangu utoto.

Jioni ile nilimuuliza waziwazi. "Unataka watoto wako wagawanywe?" Akasema hataki. "Basi mbona hukumwambia?" Akakuna kichwa, akasema Shangazi si mbaya, anaogopa tu, kwa sababu marehemu mama yao alikuwa rafiki yake, naye alimwahidi kwamba atawaangalia wale watoto. Hapo hasira yangu ikapungua kidogo, nusu tu. Nikamwambia: "Nitawapeleka mimi. Na nitarudi nao mimi." Yeye hakuweza kuacha kazi, karakana ilikuwa na mabehewa ya kutengenezwa, lakini akatuombea ile karatasi ya safari ya bure ambayo watu wa reli walipewa mara moja kwa mwaka kwa ajili ya mke na watoto. Siku aliyoileta, watoto waliruka mpaka vumbi likajaa nyumbani. Waliishi kando ya reli tangu kuzaliwa, walijua mlio wa kila mashini ya kuvuta mabehewa, na walikuwa hawajawahi kupanda treni hata mara moja. Kwao hiyo haikuwa safari ya kugawanywa. Yalikuwa matembezi makubwa kuliko yote duniani, na niliamua yawe hivyo. Niliwashonea nguo za kitambaa kimoja, cha buluu chenye nukta nyeupe. Nilikaanga samaki, nikafunga bukari kwenye majani ya ndizi, nikachemsha mayai sita. Na usiniulize ilikuwaje nikasahau kuwa nakwenda nchi kavu: nilitoa pia kamba.

Kwetu ufukweni si kila kijiji kina bandari. Mashua inakaribia, inasimama kwenye maji ya kiuno, na watu wanashuka mawimbini na mizigo yao, kila mtu anapiga kelele. Mama mwenye watoto wengi anawafunga. Kila mtoto kitanzi kiunoni, fundo la watu wa nyavu ambalo halijikazi hata ukivuta namna gani, na ukitaka linafunguka kwa kidole kimoja. Mwisho wa kamba unakuwa mkononi mwa mama. Wimbi likija linakuta familia, halikuti mtoto. Mama yangu alinifunga hivyo, bibi yangu alimfunga hivyo mama yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaosafiri na watoto bila kuwafunga. Kwa hiyo asubuhi ile, kwenye stesheni ya Kalemie, katikati ya umati wa magunia na kuku, nilipiga magoti nikawafunga wanangu wanne. Feza, aliyekuwa wa mwisho kwenye kamba, aliganda. "Weye," akaninong'oneza, "watu banatuangalia."

Walituangalia kweli. Tulipoingia kwenye behewa, kelele ilianza. Nilizidisha kosa langu kwa kuwapanga watoto wawili upande huu na wawili upande ule, behewa lisilalie upande mmoja kama mashua, na nilimwomba baba mmoja mnene ahamie katikati. Huyo baba alitii kwanza, ndipo akaelewa. Mwanamke mmoja aliyekaa juu ya gunia la chumvi, na mtoto wake wa kiume mapajani, alicheka mpaka akakohoa. Watu walimwita Mama Musa. "Mama!" akasema kwa sauti ya behewa zima. "Hawa ni watoto ao ni mbuzi? Unabapeleka soko gani, tukuye tununue?" Behewa likapasuka kwa kicheko. Mtu akasema, "Batoto ba kamba!" na jina likashika palepale. Nilikaa wima. Nilimenya yai, nikampa Zawadi, nikamenya la pili. Ndani nilikuwa nawaka. Lakini nilijua kwamba nikiwafungua kwa sababu ya kicheko, nitakuwa nimewagawa mwenyewe kabla Shangazi hajawagusa.

Na treni ikaondoka. Hapo niwaambie ukweli: nilisahau kila kitu. Amani alitoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Inaenda! Inaenda!" kana kwamba wengine hatukuona. Mto Lukuga ulitufuata upande mmoja, unapotea nyuma ya miti, unarudi. Bahati aliaga kila mtu aliyesimama kando ya reli, na walipokosekana watu aliaga mihogo. Kila kituo kidogo wanawake walikimbilia madirishani na ndizi, miwa, kalanga za kuchemsha, na Zawadi, aliyekuwa hajala vizuri tangu azaliwe, alikula bila kupumzika. Hata Feza alisogea dirishani, hatua kwa hatua, mpaka kamba ikanyooka. Alinitazama. Nikamlegezea. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha kama ile saa ya kwanza, na bado watu walikuwa wananicheka.

Baada ya saa sita mchana mashini ilichoka. Treni ilisimama mahali pasipo kituo, kwenye nyasi ndefu, na mtu wa reli akapita akisema tushuke tu, itachukua muda. Watu wakatawanyika: wengine mtoni kuoga, wengine kivulini, wanawake wakawasha moto. Mimi nilikaa na watoto wangu karibu na mti mdogo, tukala samaki. Wasichana wawili wa rika la Feza walipita, wakamtazama kiunoni, wakachekea kwenye viganja. Muda si mrefu nilisikia kamba imelegea. Feza alikuwa amejitoa kwenye kitanzi kwa kidole kimoja, kama nilivyomfundisha, na kitanzi chake kilikuwa tupu kwenye nyasi. Nilimwona nyuma ya wale wasichana, anaelekea mtoni. Nilifungua mdomo nimwite, nikaufunga. Alikuwa na miaka minane na aibu ya mtu mzima. Nilimwacha. Hilo ndilo kosa langu la kweli la siku ile, si kamba.

Maana mashini ilipona ghafla. Filimbi ililia mara moja, na mara ya pili treni ilikuwa tayari inajongea polepole. Sijawahi kuona watu wakikimbia vile. Sufuria zilimwagika, mama anaita mtoto, mtoto anaita mama, mtu anarusha gunia dirishani na kupanda behewa lolote lililo karibu. Nilishika kamba. Nilivuta, akaja Zawadi. Nilivuta, akaja Bahati, akaja Amani. Nikawapandisha mmoja mmoja kwa msaada wa yule baba mnene, nami nikasimama mlangoni nikipiga kelele, "Feza! Feza!" mpaka koo likawaka. Nilikuwa nimeamua: behewa likizidi mwendo, naruka, hao watatu baba mnene atawafikisha. Kisha nikaona kamba, ambayo mwisho wake ulikuwa bado unaburuzika chini, imekuwa nzito. Ndani ya kitanzi cha Feza alikuwemo mtoto wa kiume, analia kwa nguvu zote, na nyuma yake Feza mwenyewe anamsukuma kwa mikono miwili na kukimbia. "Vuta!" akanipigia kelele. "Vuta, Mama Mudogo, vuta!" Nilivuta. Baba mnene alimdaka mtoto, mimi nikamdaka Feza kwa nguo yake ya buluu, ikapasuka begani, na tukaanguka wote ndani juu ya magunia.

Mtoto alikuwa Musa. Mama yake hakuwemo kwenye behewa. Alikuwa amepanda lingine mbele, akidhani mtoto yuko na binti yake mkubwa, aliyesafiri nao, na kati ya behewa na behewa hapakuwa na njia. Feza alikuwa anahema. "Alikuwa peke yake ku njia ya mayi," akasema. "Nikashika kamba yako, nikamufunga." Nikamuuliza kwa nini hakupanda yeye kwanza. Akanitazama kama ninavyowatazama watu wasiojua nyavu. "Si weye ulisema, mudogo njo anatanguliaka?" Nilikuwa nimelisema hilo mara moja tu, nyumbani, nikidhani hasikii. Niliukunjua mkunjo mmoja wa kamba uliobaki, nikafunga kitanzi cha tano. Feza aliinua mikono juu, kama mtoto anayevishwa nguo, akangoja nimfunge. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniomba, kwa adabu kabisa, kama nimebakiwa na kipande cha kamba kwa ajili ya watoto wake wawili.

Tulifika Nyunzu jua linaanza kushuka. Shangazi alisimama mbele kabisa kwenye stesheni, kitenge kimekazwa, mdomo umekazwa. Niliwashusha wanangu nikiwa nimeshika kamba, na nilimwona anahesabu kwa kidole. Alihesabu. Akaanza upya. "Batoto ni bane," akasema. "Hii ya tano inatoka wapi?" Kabla sijajibu, Mama Musa alikuja anakimbia kutoka behewa la mbele, bila viatu, kilemba kimeanguka, analia kwamba arudishwe njiani, mtoto wake amebaki porini. Alimwona Musa kwenye kamba. Alikaa chini palepale, kwenye kokoto za reli, akamkumbatia na kamba yake, na pamoja na Feza, kwa kuwa walikuwa wameungana. Alikuwa jirani wa Shangazi, nyumba ya pili. Sikuhitaji kufungua mdomo. Alisimulia yeye, stesheni nzima ilisikia, na kila aliposimulia tena kicheko chake cha asubuhi alikiongeza kikawa kibaya zaidi, ili ajiadhibu. Nilifurahi. Sitasema uongo.

Tulikaa Nyunzu wiki nzima. Shangazi hakutaja kugawanya, wala mimi sikutaja. Alinipikia kuku, na alipoleta ndakala aliziacha na vichwa, akanitazama, na Feza akala vichwa vyote. Asubuhi ya kurudi alitusindikiza stesheni. "Batoto, enda nabo," akaniambia. "Kamba, uniachie." Nilishtuka. "Shangazi, na watu hawa wote, nitawashika namna gani?" Akanyoosha mkono, akaikunja kamba yangu taratibu, akaitia kwapani. "Kama beko batoto bako," akasema, "batakufuata tu." Feza alimshika mkono Amani, Amani akamshika Bahati, Bahati akamshika Zawadi, na Zawadi akaning'inia kwenye kitenge changu. Tulipanda hivyo. Nyumbani nilishusha kile kioo ukutani, nikakipangusa, nikampa Feza kiwe chake.

Miaka ikapita, mume wangu akafariki, na vita vikafika Nyunzu. Watu walikimbia kwa maelfu, na wengi waliishia kwenye vibanda vya wakimbizi vya Katanika, hapa karibu na mji. Niliwatafuta watu wetu huko siku nyingi mpaka nikamkuta Shangazi, mzee tayari, na wajukuu wake watano. Nilimuuliza mmefikaje. "Tulikuya tu," akasema. Nikawaleta kwangu, wakakaa mpaka amani iliporudi. Hakuwahi kusema zaidi, nami nilimjua, sikumsukuma.

Sasa, siku ya kurudi kutoka matanga, tulikuwa stesheni ya Nyunzu tangu asubuhi, mimi, wanangu wanne, na wajukuu wanane tuliokuja nao kwa kuwa ni likizo. Nilitoa kamba kwenye mkoba, nikaifungua kwa mara ya kwanza. Nilihesabu vitanzi. Vilikuwa tisa. Vitano nilivijua. Vinne havikuwa vyangu: mafundo makubwa, mabaya, yamekazwa mara tatu tatu, mafundo ya mtu asiyejua nyavu na anayeogopa. Nikamtazama Riziki, aliyekuja kutusindikiza. "Tulitoka hapa watano," akasema. "Tulifuata reli kwa miguu. Njiani Bibi akaokota wengine, watoto tusiowajua, wanalia peke yao. Akawa anaongeza. Tulifika Katanika tisa, na wale wanne wote wazazi wao walionekana." Nilijaribu kufungua fundo moja la Shangazi kwa kidole, halafu kwa meno. Halikufunguka. Lilikuwa fundo bovu kuliko yote niliyowahi kuona, na lilileta watoto tisa mpaka Kalemie.

Filimbi ililia. Feza, mkuu wa shule, alininyang'anya kamba, akapiga magoti kwenye vumbi na sketi yake nzuri, akaanza kuwapitisha wajukuu mmoja mmoja, mdogo akitangulia. Vijana wa stesheni walicheka, wakatoa simu zao kupiga picha. "Cheka tu," Feza akawaambia bila kugeuka. Wajukuu walikuwa wanane, kikabaki kitanzi kimoja, kimojawapo cha Shangazi. Feza akasimama, akajipangusa magoti, akanitazama juu ya miwani yake. "Mama," akasema, "inua mikono." Nikainua.